Jua Likipatwa

 Leo naomba tuanze na kitenzi kimoja, halafu twende kitakakotupeleka.

Kiswahili hakisemi kwamba jua limezibwa, ingawa kwa hesabu za falaki hilo ndilo linalotokea: mwezi umepita katikati yetu na jua, ukakinga mwanga. Hakisemi limefichwa wala limefunikwa. Kinasema limepatwa. Sasa jiulize, katika lugha yetu ni nani hupatwa? Hupatwa na homa yule aliyelala hoi. Hupatwa na msiba yule aliyefiwa. Mtu hupatwa na mshtuko, na aibu, na kizunguzungu. Sijamsikia aliyepatwa na harusi. Sijamsikia aliyepatwa na mshahara. Kupatwa ni kufikiwa na jambo ambalo hukulialika, likakukamata, ukawa huna la kufanya mpaka likuachie. Wazee waliotafuta neno la kueleza kinacholisibu jua hawakwenda mbali. Walichukua neno la ugonjwa na matanga wakalipa jua, kana kwamba nalo ni mwenzetu.

Nimekuwa nikilitafuna neno hilo tangu Alhamisi ya tarehe 1 Septemba 2016, siku niliyokuwa Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya. Huenda unaikumbuka. Kivuli cha mwezi kilitokea Bahari ya Atlantiki, kikapita Gabon na Kongo, kikaingia kusini mwa Tanzania, kikaendelea Msumbiji hadi Madagaska. Njia yake ilikuwa nyembamba, upana wa kilomita mia moja hivi, na Rujewa ilikuwa ndani yake. Dkt. Noorali Jiwaji, mtaalamu wa falaki wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, alikuwa amekwisha kutueleza mapema kwamba mwezi siku hiyo utakuwa mbali kidogo na dunia, kwa hiyo hautatosha kulifunika jua lote. Ungebaki mduara wa moto pembeni. Kupatwa kipete, ndivyo kunavyoitwa.

Kwa hiyo tulijua. Hilo nataka ulishike, maana ndilo linalonileta hapa leo. Tulijua saa, tulijua mahali, tulijua sababu. Mimi nilikuwa na karatasi mfukoni yenye dakika zote. Nilikuwa pia na kinasa sauti, na sentensi kadhaa nzuri nilizoziandaa gesti usiku, za kuisimulia ile pete itakapotokea. Nilizifanyia hata mazoezi mbele ya kioo. Wenzangu wa kazi hii mtanielewa.

Watu walianza kujaa asubuhi. Wanafunzi kwa makundi, wakulima wa mpunga wa bonde la Usangu, wageni wenye darubini zilizosimama kama mizinga, wauza maji, wauza mahindi ya kuchoma. Baada ya saa nne mwezi ukaanza kulimega jua upande mmoja, kama mtoto anayeanza andazi. Waliokuwa na miwani maalumu waliivaa, wasiokuwa nayo waliazima. Kijana mmoja fundi wa mageti alikuja na kioo cha kofia ya kuchomelea, akawa mfalme wa eneo lile kwa saa nzima; alipigiwa shikamoo hata na waliomzidi umri. Mama mmoja aliweka beseni la maji ili atazame humo, tukamsihi aache. Jua lililo majini nalo huunguza, na ubaya wa jicho ni kwamba ndani kule haliumi likiungua. Unakuja kujua kesho yake.

Saa nzima ya kwanza haikuwa na maajabu mengi. Watu waliangalia, wakasema "enhee", wakarudi kwenye simu zao. Chini ya mwembe tu ndipo palipokuwa na jambo: kila kitundu kati ya majani kilitupa ardhini picha ya jua lililomegwa, mamia ya vijimwezi vinavyotikisika vumbini. Watoto wakawa wanavikanyaga.

Halafu mwanga ukabadilika, na hapa ndipo maneno huanza kumponyoka mtu. Mwanga wa jioni tunaujua. Unakuja na wekundu, vivuli vinarefuka, kuku wanajua pa kwenda. Huu haukuwa wa jioni. Vivuli vyetu vilikuwa vifupi, vimejikunja miguuni kama inavyostahili adhuhuri, lakini mwanga wenyewe ulikuwa umepungua nguvu, rangi yake ya bati, kama vile mtu ameweka pazia jembamba mbele ya dunia nzima. Kingo za vivuli zikawa kali. Niliuona unywele mmoja mmoja kwenye kivuli cha kichwa changu. Kaupepo kakapita. Joto likashuka. Macho yanakwambia ni mchana, ngozi inakwambia ni alfajiri, na wewe uliye katikati huna wa kumwamini. Nilihisi vinyweleo vya mikono vinasimama. Sikuwa na hofu ya chochote, ila vilisimama.

Muda mfupi kabla ya saa sita mchana, pete ikafunga.

Kanda ile ninayo mpaka leo. Ina karibu dakika tatu za pete ya Rujewa, na zile sentensi zangu nzuri hazimo. Nilichosema ni "jamani". Nimehesabu: nimesema jamani mara kumi na moja. Nyuma yangu kuna vigelegele, kuna mwanamume anasema Allahu Akbar kwa sauti ya chini, kuna mwingine anasema Bwana asifiwe, mtoto analia, na kuna mtu anacheka bila kukoma, kicheko cha mtu aliyetekenywa. Kisha katikati pana kimya. Umati wote ule, na unasikia upepo tu ukigonga maikrofoni. Halafu sauti ya msichana, karibu kabisa nami: "Tumeiona! Tumeiona!" Hakusema nimeiona.

Nisikudanganye kwamba wote waliguswa. Kulikuwa na mzee aliyetembea tangu usiku kuja kuona giza, na giza halikuja. Hata mwezi ukifunika karibu asilimia tisini na tano ya uso wa jua, kile kibakicho kinatosha kuwa mchana. "Ndiyo hii tu?" akauliza, akafuta miwani, akaivaa tena. "Mimi niliahidiwa usiku." Nilimwelewa. Unyonge wake nao ni namna ya kupatwa. Huyo alitaka ulimwengu umtikise, ukamgusa bega tu.

Sasa, msikilizaji, sisi wa leo tuna tabia ya kusimulia kupatwa kwa jua kwa kuwacheka watu wa kale. Kisa kinachopendwa katika ukanda wetu ni cha Biharwe, karibu na Mbarara, Uganda, mahali ambapo leo pana mnara wa kumbukumbu. Masimulizi ya ufalme wa Nkore yanasema jeshi la ufalme wa Bunyoro, chini ya mfalme wake, Mukama Olimi, lilikuwa likirudi na ng'ombe wa mateka. Walipofika Biharwe jua likazimika mchana kweupe. Askari wakatawanyika, ng'ombe wakabaki wamesimama gizani, na watu wa Nkore wakawapokea kama zawadi iliyoshuka mbinguni. Wanahistoria wengi hukihusisha kisa hicho na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520, na tarehe hiyo imewasaidia kupanga miaka ya wafalme ambao hawakuwa na kalenda ya maandishi.

Kila nilipokisikia kisa hiki kikisimuliwa, msimuliaji alimalizia kwa kicheko: basi, kwa ujinga wao wakakimbia! Tangu Rujewa mimi sicheki. Nawafikiria wale askari. Hawakuwa na karatasi mfukoni. Wameua, wameiba, wako nchi ya watu, dhamiri hazijatulia, na jua linawafia juu ya vichwa. Nani asingekimbia? Mimi niliyekuwa na dakika zote mkononi nilipoteza Kiswahili changu chote nikabaki na neno moja.

Tena si mimi tu. Julai 1842 kule Pavia, Italia, alikuwapo Mwingereza Francis Baily, dalali wa hisa aliyestaafu akajitosa katika falaki. Ndiye aliyeeleza zile shanga za mwanga zinazochomoza kwenye mabonde ya mwezi sekunde za mwisho, hadi leo zinaitwa kwa jina lake. Siku ile alikuwa amejifungia chumbani na darubini na saa yake, anahesabu shanga. Mara akasikia makofi makubwa kutoka mitaa ya chini. Akatazama, akaliona lile taji la mwanga lililozunguka mwezi mweusi, na ameandika mwenyewe jinsi lilivyompiga kama umeme. Mtu wa hesabu, aliyezijua saa na sababu kuliko yeyote mjini mle, akakamatwa sawasawa na wauza mboga waliokuwa wakipiga makofi barabarani.

Wa kuhurumiwa ni mwanafalaki Arthur Eddington. Mwaka 1919 alisafiri hadi kisiwa cha Principe, huku kwetu Afrika, kupiga picha za nyota zilizo karibu na jua lililopatwa, ili kupima nadharia ya Einstein kwamba uzito wa jua hupinda njia ya mwanga. Picha zilipatikana na dunia ya sayansi ikageuka. Lakini yeye mwenyewe ameeleza kwamba kupatwa kwenyewe hakukuona. Alikuwa akibadilisha sahani za kamera. Alitupa jicho mara mbili tu, mara moja kuhakikisha kumeanza na mara moja kutazama mawingu. Zaidi ya dakika tano za giza, na yeye kainamia kazi.

Basi, kama elimu haiondoi ule mshtuko, inaondoa nini? Jibu bora ninalolijua halikutoka kwa mwanasayansi. Lilitoka Madina. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alikuwa amefiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, na siku hiyohiyo jua likapatwa. Wataalamu wa falaki huilinganisha siku hiyo na tarehe 27 Januari 632. Watu wakasema: jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Fikiri hapo kidogo. Huyu ni baba ambaye machozi hayajakauka, na umma mzima unampa faraja ambayo mfalme yeyote angeipokea kwa mikono miwili, kwamba mbingu zinalia pamoja naye. Akaikataa. Akawaambia jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake.

Lakini mapokezi hayohayo yanasimulia kwamba alipoliona jua limepatwa alinyanyuka kwa haraka, akatoka huku akiburuta vazi lake, akenda msikitini na akaswali na watu mpaka jua likaachiwa. Swala hiyo ipo hadi leo, ya kusufu, ina rakaa mbili na kila rakaa ina rukuu mbili, na visimamo vyake ni virefu. Anayeswali husimama kwa muda mrefu kuliko alivyozoea, na huo nadhani ndio urefu anaoutaka mtu siku kama ile.

Unaona alivyotenganisha mambo mawili? Ile tafsiri, kwamba jua linatusema sisi, aliikata. Mtetemo wenyewe hakuukata. Aliupa mahali pa kwenda. Wengi wetu tunadhani viwili hivi ni kitu kimoja, kwamba ukishajua mwezi ni mwamba unaozunguka basi huna sababu ya kutetemeka, na anayetetemeka hajasoma. Si kweli. Kiswahili chenyewe kinatofautisha. Kuna woga, huo ni wa simba. Kuna hofu, hiyo ni ya kesho. Na kuna kicho, neno ambalo siku hizi tumewaachia mashehe na mapadri, lililotoka katika kucha, kama tusemavyo kumcha Mungu. Mwenye kicho hakimbii. Anasimama palepale, anaona jinsi alivyo mdogo, na wala haimuumi.

Watafiti wa saikolojia wa Marekani walijaribu kukipima kicho hicho. Jua lilipopatwa kwao tarehe 21 Agosti 2017, walichambua maandishi ya watumiaji karibu milioni 2.9 wa Twitter. Waliokuwa ndani ya njia ya kivuli walionyesha kicho zaidi kuliko waliokuwa nje yake, na walielekea zaidi kuandika "sisi" kuliko "mimi". Utafiti mzuri, ukatoka mwaka 2022. Mimi nina yule msichana wa Rujewa kwenye kanda, na yeye alilimaliza kwa kiambishi kimoja.

Hata hivyo naomba nikiri kitu. Nilichokiona ni pete. Giza lenyewe, lile la nyota kutokeza mchana na taji jeupe kulizunguka shimo jeusi, sijaliona. Novemba 2013 lilipita Pakwach, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kaskazini mwa Kenya. Nikapiga hesabu ya nauli, nikaigawanya kwa sekunde zisizofika thelathini, nikaona ni ghali. Mpaka leo najilaumu kwa hesabu ile. Waliokwisha kuona vyote viwili huniambia pete ni barua na giza ni mwenye barua kasimama mlangoni.

Watu hulifukuza giza hilo. Juni 1973 wanasayansi waliingia katika ndege ya Concorde, wakaruka juu ya Sahara wakishindana na kivuli kwa kasi, wakaweza kukaa ndani yake dakika 74. Aliyekuwa chini, pale panapodumu kuliko kote, alipata dakika saba na sekunde chache. Siku hiyohiyo kivuli kile kilishuka hadi Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, na huko kulikuwa na wageni wenye vyombo kutoka nchi nyingi, na wenyeji wasio na chombo ila macho.

Kupatwa huku kuna ukoo. Kupatwa kwa aina moja hurudi kila baada ya miaka 18 na siku kama kumi na moja, lakini kila safari kunaangukia upande mwingine wa dunia. Kwa hiyo ndugu wa yule wa 1973 alipita Mexico mwaka 1991, na mwingine India na China mwaka 2009. Inabidi kungoja mizunguko mitatu, miaka 54 na mwezi mmoja hivi, ndipo ukoo urudi upande wetu. Hesabu kurudi nyuma kutoka 1973 na utafika Mei 1919. Ndiyo, ni yule yule wa Eddington, ambaye baada ya Principe aliendelea akavuka Kongo na kusini mwa Tanganyika. Vita vilikuwa vimekwisha miezi michache tu, wapagazi wengi hawakurudi makwao, na jua likapatwa. Nani alikuwa na kinasa sauti?

Hesabu kwenda mbele kutoka 1973 na utafika Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027. Kivuli kitapita Hispania na Afrika Kaskazini, kitadumu zaidi ya dakika sita pale Luxor, Misri, kitavuka Bahari ya Shamu hadi Jeddah na Makka, kisha Yemen na ncha ya Somalia. Kama una ndugu anayefanya kazi Jeddah, mwambie asiombe zamu ya ndani siku hiyo. Sisi wa Kenya na Tanzania tutaonjeshwa kipande. Mimi nimeanza kuweka akiba, na safari hii siigawanyi nauli kwa sekunde.

Nirudi Rujewa nikuage.

Pete ilipokatika, watu walipiga kelele mara moja tu, halafu wakaanza kuondoka. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Jua lilikuwa bado limeshikwa, lilibakiza zaidi ya saa moja na nusu kuwa zima, lakini uwanja ulikuwa unapwaya. Wanafunzi walipangwa mistari. Kijana wa kioo cha kuchomelea akawa raia wa kawaida tena. Wale wenye darubini walikuwa wakikumbatiana, na mmoja wao, mtu mzima wa mvi, alikuwa amekaa juu ya sanduku lake anafuta uso kwa fulana.

Nikaenda kwa mama lishe chini ya turubai. Mkono ulikuwa bado unatetemeka kidogo, nikauweka juu ya meza. Hakuwa ametoka nje muda wote ule, alikuwa na maharage jikoni.

"Kaka, limeshaachiwa?" akaniuliza.

"Bado kidogo, mama."

Akachungulia nje, akautazama ule mwanga wa bati ardhini, si jua.

"Litaachiwa tu," akasema. "Chai ya rangi au ya maziwa?"